Majina Niliyoyafuta Kwenye Ratiba

Wanangu wa chumba cha walimu,

Mliniomba niwaandikie ukurasa mmoja wa nasaha, mkautundike ukutani pale juu ya birika la chai. Huu hautaenea ukutani, na nasaha sina. Nina habari ya karatasi za manila na kifutio. Nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili, maana kila nikifika katikati moyo unaanza kunidunda, kama vile kuna mtu atanigongea mlango aniulize ninaandika nini. Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo vyangu vilikuwa vidogo, na mishahara mnaijua wenyewe.

Niliripoti chuoni wakati wa mvua, viatu mkononi, tope la mbuga limenifika magotini. Wa kwanza kunipokea alikuwa Mwalimu Milembe, mkufunzi wa Kiswahili, mwanamke pekee aliyekuwa na meza yake mwenyewe katika jengo lile. Alinitazama miguu, akacheka, akanipa maji ya kunawa na bakuli la michembe, viazi vilivyokaushwa ambavyo mtu wa huku hakosi kabatini. Nikiwa natafuna akaniambia, akiniita mayu, yaani mama, kama wanawake wanavyoitwa huku, "Hapa kazi ni tatu, mayu. Kufundisha, kusahihisha na kukwepa." Mimi mgeni, nikauliza kukwepa nini. Akasema, "Kula kwanza."

Nilikuja kujua nini cha kukwepa kwenye safari yangu ya kwanza ya BTP. Kwa atakayesoma haya bila kuwa mwalimu: BTP ni zile wiki ambazo wanachuo wanapelekwa mashuleni kufundisha kwa vitendo, na sisi wakufunzi tunazunguka kuwatahini, wawili wawili, mkongwe mmoja na mgeni mmoja ili mgeni ajifunze. Njia za karibu unarudi jioni. Za mbali unalala huko. Mimi nilipangwa njia ya Ipililo na mkufunzi mkubwa kwangu kwa kila kitu, na tulipofika gesti akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniomba chaki, kwamba kimebaki chumba kimoja. Nilikimbilia kwa mke wa mwalimu mkuu wa shule, nikalala jikoni kwake kwenye gunia la pamba. Yule mama hakuniuliza swali hata moja. Alinitandikia tu, na mpaka leo nawaza alishawatandikia wangapi kabla yangu.

Niliporudi nikamweleza Mwalimu Milembe nikilia. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko ile gesti. Alifungua mtoto wa meza, akanionyesha kifutio, kile chekundu upande mmoja na bluu upande wa pili. "Hapa hatupigi kelele," akasema. "Tunafuta. Msimu ujao uje kwangu kabla ya Jumatatu."

Utaratibu ulikuwa hivi. Mkuu wa taaluma anaandika mapendekezo ya nani aende na nani. Katibu wa BTP, ambaye wakati huo alikuwa Milembe, anayachora kwenye manila kwa penseli na kuibandika ukutani siku ya Jumatano. Mwenye udhuru anasema hadi Ijumaa. Jumatatu katibu anapitisha kalamu ya wino juu ya penseli, na kilichoandikwa kwa wino hakibadiliki hata kama umefiwa. Kati ya Ijumaa na Jumatatu ndipo Milembe alipofanyia kazi yake. Alimtoa binti aliyepangwa pabaya, akamwingiza mwanamume, au akajiingiza mwenyewe. Kwenye daftari la udhuru aliandika sababu: tumbo, mtoto, msiba wa shangazi.

Milembe alipostaafu nilirithi ukatibu, meza na kifutio. Nikaona nimepewa kazi takatifu, jamani. Nilijiona mjanja. Miaka hiyo akaingia mkuu mpya wa taaluma ambaye nitamwita Dokta, maana ndivyo alivyopenda kuitwa, hata na mama muuza maandazi. Mtu wa tabasamu, shati limenyooka, sala ya kufungulia kikao anasali yeye. Kila msimu alijipangia njia ya mbali kabisa, Migato au ndani huko Mwamapalala, na kila msimu pembeni ya jina lake kulikuwa na mkufunzi mpya wa kike ambaye bado hajathibitishwa kazini. Fomu ya kuthibitishwa inasainiwa na nani? Na mkuu wa taaluma. Hakuwa na haja ya kumshika mtu kwa nguvu. Alitaja fomu tu wakati mnakula.

Basi nikawa nafuta. Siwezi kuwaeleza hofu ya zile Ijumaa. Nafunga mlango, nageuzia kiti dirishani nione nani anapita, nafuta jina la mtoto wa watu, napuliza vumbi la kifutio, naandika langu. Kwangu mimi Dokta hakuwa na shida. Nilikuwa nimeshapita umri anaoutaka, akanieleza hivyo mwenyewe huku akicheka, nami nikacheka naye, Mungu anisamehe. Garini alisinzia mpaka Migato. Nami nilijisifu moyoni kwamba nimemwokoa mmoja tena.

Ila kila jina nililolifuta lilikuwa safari yangu. Msimu ukiisha mimi nimekwenda njia yake na njia yangu, narudi nakuta mitihani haijasahihishwa, hosteli ya wasichana inanisubiri maana matroni ni mimi, kamati ya sherehe ni mimi, mgeni akija wa kupika chai ni mimi. Mama wa chuo! Wenzangu wa kiume walikuwa wakufunzi tu. Na wale mabinti walikuja kwangu mmoja mmoja kunieleza yaliyowapata kwenye korido na ofisini, nikayabeba yote, sikumwambia mtu. Nikaanza kusahau majina darasani. Nilikuwa naingia chooni kwa walimu, nakaa pale juu ya ndoo iliyogeuzwa, nahesabu pumzi hadi mia, kisha natoka natabasamu. Hospitalini wakaniambia presha imepanda, nipumzike. Nikauliza, nipumzike nani afute?

Mwaka huo akaajiriwa Kabula. Mkufunzi wa Hisabati, mtoto wa wafugaji wa Mwamapalala, mrefu, mwenye maneno. Kwenye kikao cha kwanza alimuuliza Dokta kwa nini akinamama ndio wanaoondoa vikombe. Tulicheka hadi machozi. Mwezi wa BTP ukafika, Jumatano nikabandika manila, na pembeni ya Dokta palikuwa na Kabula, njia ya Migato. Ijumaa nikafunga mlango kama kawaida. Nikashika kifutio. Magoti yalikuwa yanauma, kichwa kinazunguka, na nilifikiria ile barabara, lile gari, yale maharage ya gesti, nikajisikia kama mtu anayeambiwa anyanyue gari lenyewe. Nikajiambia Kabula ana ulimi, Kabula atajitetea. Nikakirudisha kifutio mezani. Jumatatu nikapitisha wino.

Alirudi baada ya wiki, akafundisha siku chache bila kusema neno kwenye chumba cha walimu. Halafu siku moja nikakuta funguo zake za ofisi juu ya meza ya mtunza vifaa, na yeye hayupo. Wakasema ameacha kazi, mambo ya familia. Sikuuliza. Nilijua, ndiyo maana sikuuliza. Msimu uliofuata nikaanza tena kufuta, kwa bidii kuliko mwanzo.

Sasa nafika kwenye yale ambayo wengi wenu mliyaona kwa macho. Nilipokaribia kustaafu, mkuu wa chuo akasema mama apumzishwe safari. Ratiba ikawa inachapwa na Dokta mwenyewe kwenye kompyuta. Inatoka Jumatatu asubuhi imeshasainiwa, hakuna penseli, hakuna Ijumaa. Limi, mkufunzi mpya wa kike, alikuwa na miezi minne kazini. Akapangwa Migato.

Alirudi siku ya pili badala ya ya sita, juu ya bodaboda, tope hadi shingoni, saa sita mchana wanachuo wanatoka kula. Hakwenda kubadili nguo. Alikuja moja kwa moja ofisini kwangu, akaweka simu mezani, akaifungua. Ujumbe wa Dokta ulikuwa umepangana pale, wa mwisho unasema afikirie vizuri, fomu yake iko mezani. Nilihisi ile ndoo ya chooni inaniita. Maneno ya kwanza yaliyonitoka, na mniwie radhi, ni haya: "Ungeniambia mapema, mwanangu, ningekufuta."

Akauliza, "Kunifuta vipi, mama?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa fahari kidogo, nadhani.

Akasema, "Mimi sitaki kufutwa. Kwa nini nifutwe mimi? Nataka kuandika barua."

Akaandika. Kamati ikaundwa, wajumbe wawili wa ndani, na mwenyekiti akaletwa kutoka nje, mama mmoja mkavu asiyependa hadithi ndefu. Limi akaelezwa kwamba ikionekana amemzulia mkubwa wake, kazi hana, na mtu ambaye hajathibitishwa haondolewi kwa taratibu nyingi. Alikuwa hali chakula. Mlikuwa mnamwona anazungusha kijiko kwenye kikombe mpaka chai inapoa. Kisha majibu ya Dokta yakaja, nami nikaitwa kuyasoma kwa sababu jina langu lilikuwemo.

Aliandika vizuri, sikatai. Akasema kumbukumbu za ratiba zinajieleza. Kwa miaka yote aliyokuwa mkuu wa taaluma, katibu wa BTP, mama mwenye heshima na matroni wa wasichana, amechagua mwenyewe kusafiri naye njia za mbali, msimu baada ya msimu. Je, mama wa namna hiyo angefanya hivyo kama kungekuwa na jambo? Akaongeza kwamba daftari la udhuru linaonyesha wakufunzi vijana wa kike wana desturi ya kukwepa kazi za vijijini kwa visingizio vya ugonjwa, na huyu Limi ni mmoja wao, sema yeye amepata kisingizio kikubwa zaidi.

Nilisoma mara mbili. Matumbo yote yale, misiba yote ile ya mashangazi, mwandiko ni wangu. Kwa daftari langu, chuo chetu kilikuwa na wagonjwa wengi kuliko zahanati. Nilikuwa nimemjengea ukuta tofali kwa tofali, naye sasa amejificha nyuma yake. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za maktaba, na mlipokuwa mnanipita mkinisalimia "shikamoo mama" nilikuwa naitikia bila kuwaona.

Kesho yake Dokta mwenyewe alikuja ofisini kwangu. Aliniletea soda. "Mama, sisi tumetoka mbali," akasema. "Wewe unaondoka mwisho wa muhula, tukuage vizuri, kwa heshima yako. Mambo ya hawa watoto yatapita." Alipofika mlangoni akageuka. "Halafu zile manila zako za zamani pale stoo, si mchwa tu zile? Nimemwambia mtu wa usafi azichome Jumamosi, tupate nafasi."

Ilikuwa Alhamisi. Mpaka hapo, wallahi, sikuwa nimezifikiria manila. Kwa nini mtu ahangaike na mchwa wangu? Soda sikuinywa. Nikachukua ufunguo wa stoo, ufunguo unagonga kitasa, nikafikiri chuo kizima kinasikia. Zilikuwa nyuma ya viti vibovu, zimeviringishwa, kila msimu na mpira wake. Mimi ni mbahili wa karatasi, sijawahi kutupa manila yenye mgongo mweupe. Mchwa walikuwa wamekula mbili. Nikakunjua moja nikaipeleka dirishani.

Nyie mnaoandika kwa kompyuta hamlijui hili. Penseli ikikandamizwa kwenye manila inaacha mfereji. Ukifuta, weusi unaondoka, mfereji unabaki. Nikailaza ile karatasi mwanga uipige kwa ubavu, na chini ya jina langu la wino, pembeni ya Dokta, nikasoma jina la binti aliyekuwa ofisi ya pili kutoka kwangu. Nikakunjua nyingine, jina jingine. Nikakaa chini kwenye vumbi. Wote walikuwemo. Nilizifunga kwenye kanga, nikapanda bodaboda nazo hadi nyumbani, nikazilaza chini ya godoro, na siku tatu zile hadi kikao kila mbwa akibweka nilijua wamezifuata.

Maana fikirini nilichokuwa napeleka. Kumsaidia Limi ilinipasa niseme nilijua. Si tetesi. Nilijua kila msimu, tarehe na njia, nikaghushi daftari la ofisi kwa mkono wangu, nikanyamaza, na faili langu la kustaafu bado halijasainiwa. Nilifikiria kuumwa siku ya kikao. Udhuru niliujua kuuandika kuliko mtu yeyote. Kilichonipeleka si ujasiri. Asubuhi ile nilimkuta Limi getini amesimama, mikono ameikumbatia, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, naogopa." Nikamjibu, "Hata mimi," tukaingia.

Niliwaeleza kamati kila kitu, nimesimama, maana nilijua nikikaa sitaendelea. Mwenyekiti akaagiza mapazia yafunguliwe. Akazichukua manila moja moja, akazilaza ukingoni mwa dirisha, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Dokta alikuwa anaangalia meza. Baada ya majina matatu mmoja wa wajumbe wa ndani akaacha kuandika. Baada ya matano ukasikia kunguru nje juu ya bati. Mwenyekiti hakuruka hata jina moja, na kila aliposoma aliniuliza, "Huyu ulimtoa?" Nikajibu, "Nilimtoa."

Kisha akakunjua moja, akaigeuza huku na huku. "Hii haina alama ya kufutwa. Huyu Kabula ameandikwa kwa wino."

"Ndiyo."

"Yeye kwa nini hukumtoa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nikasema, "Nilikuwa nimechoka." Mwenyekiti alivua miwani, akasubiri labda nitaongeza. Akaandika jibu langu kama lilivyo.

Limi amethibitishwa, fomu imesainiwa na mkuu wa chuo mwenyewe. Dokta amesimamishwa, na nasikia anakata rufaa, na nasikia pia kuna wanaotaka ahamishiwe chuo kingine yaishe kimyakimya. Kumhamisha ni kumtoa kwenye ratiba yenu na kumwandika kwenye ratiba ya mabinti wengine. Hilo ndilo linaloninyima raha hapa nilipo, na ninyi mliobaki msilikubali. Mimi nilipewa onyo la maandishi wiki mbili kabla ya kuagwa. Nimelistahili, limo kabatini pamoja na kanga mlizonipa.

Kabula nilimtafuta baada ya kustaafu. Yuko kwao Mwamapalala, anafundisha shule ya msingi na ana ng'ombe wachache. Ilinichukua wiki nzima kubonyeza namba yake. Mchana mmoja nikabonyeza.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa kilugha cha huku, sauti ileile. Tukaulizana za nyumbani, mvua, mifugo. Nikamweleza habari ya kikao. Nikamwomba msamaha, nikalia, mtu mzima mimi. Nikasikia ng'ombe kwa nyuma.

Akasema, "Mama, sisi wote tulijua unafuta. Tulikuwa tunaambiana, ukiona jina lako Jumatano usihofu, mama atakufuta. Ile Jumatatu nilikuja kuangalia mara tatu. Na barabara yote ya kwenda Migato nilikuwa najiuliza, nimemkosea nini mama mpaka asinifute."

Akasubiri, kisha akasema ng'ombe wanaingia shamba la watu, akaniaga kwa adabu, wabeja, asante kwa kupiga. Kile kifutio ninacho bado. Mmoja wenu aliniomba nimwachie, nikamwambia kimepotea. Hakijapotea.